Vinywa Vilivyofagiwa Lusangi

Ninyi mnaobaki kwenye labo, maabara yetu ya Kasongo, mliniomba niandike nilivyofanya kazi, na mliniomba kwa adabu nyingi mno, ndipo nikajua mnataka niondoke mezani. Haya, nimeondoka. Naandika nikiwa nyumbani, miguu juu ya stuli, na hakuna wa kunituma tena. Nianze na lile ambalo siku ya kuniaga hakuna aliyethubutu kulisema, hata baada ya soda ya pili: mimi Mwavita nimefanya kazi miaka mingi kwenye chanjo ya ugonjwa wa fizi, na hiyo chanjo haipo. Hotuba zilisema nimeacha alama. Nimeacha makoleo mawili na kiti kinachoyumba.

Kabla ya mambo ya chanjo nilikuwa nang'oa meno. Siku yangu ya kwanza hospitalini, muuguzi mkongwe tuliyemwita Baba Sumaili alinipa koleo, akanionyesha kiti, akasema: "Mutu akilia, wewe usilie. Akikuuma kidole, umupige kofi kidogo, kisha umuombe musamaha." Mafunzo yakaishia hapo. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mtu mpole. Nilivuta, likatoka, akashukuru, akaenda. Kesho yake asubuhi alirudi akiwa ameshika shavu lile lile, akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, ndipo akasema: "Mama, jana ulitoa jirani yake." Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku ile nimekuwa nikigonga jino mara tatu kabla ya kulishika, nanyi mgonge.

Nilivyozidi kung'oa ndivyo nilivyozidi kuudhika. Meno mengi niliyoyatoa yalikuwa mazima. Hayakuwa na tundu wala doa. Fizi ndiyo iliyovimba, inatoka damu, inanuka, hadi jino linaanza kucheza na mwisho unalitoa kwa vidole viwili. Wavuvi wa Nyangwe walikuja hivyo, akina mama wenye maduka hapa Kasongo walikuja hivyo. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu anaondoka na meno yake matatu kwenye kitambaa, mazuri, meupe, hayana kosa. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema ni mimba. Mimi nilikuwa nasema "pole" na kumwita anayefuata, kwa sababu zaidi ya hapo sikuwa najua kitu.

Ndipo akafika Dokta Odette, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, na masanduku yake kumi na moja. Alikuwa anashirikiana na watu wa ng'ambo waliotaka kutengeneza chanjo ya kuufundisha mwili upigane na vijidudu vya fizi kabla havijajenga. Alikuwa anatafuta mtu asiyeogopa vinywa. Nikamwambia kinywa ndiyo ofisi yangu. Akanitazama juu hadi chini, akasema nianze kesho, na ninawe mikono kuanzia leo.

Mdudu mkubwa wa ugonjwa huu anachukia hewa. Anakaa chini, katikati ya jino na fizi, na akitolewa nje anakufa haraka. Unachukua kijiti cha karatasi chembamba, unakiingiza pale, unahesabu hadi kumi, unakitumbukiza kwenye chupa yenye rojo la kumkinga na hewa na kufunga upesi. Inaonekana rahisi. Chupa zangu kumi za kwanza zote nilileta maiti. Dokta Odette alinifuata siku moja kuona nakosea wapi, na hakukawia kuona: kila nikitoa kijiti, mgonjwa ananiuliza watoto hawajambo, nami namjibu huku kijiti kiko mkononi, kinapigwa na hewa. "Mwavita," alinifokea, "ukisalimia, umeua!" Mimi niliyelelewa Kasongo nikajifunza kumnyamazia mtu anayeniulizia watoto wangu. Wengine mpaka leo wanasema nina kiburi.

Nisimsahau kondoo. Vijidudu hivi tunavikuza kwenye sahani yenye damu, kwa hiyo tulimfunga kondoo nyuma ya labo, tukawa tunamchota damu kidogo kidogo na kumwacha ale majani. Alinona ajabu. Kila Idi ilipokaribia, majirani walianza kupita wakimsalimia. Dokta Odette, ambaye ni Mkristo, akaniachia mimi Mwislamu kazi ya kuueleza mtaa mzima kwa nini mnyama kama yule hachinjwi. Nikasema yule ni mfanyakazi wa serikali. Wakaridhika, maana walimwona anakula tu na hana haraka. Vijidudu alivyovilisha vilipandishwa ndege, vikaenda kusaidia kutengeneza chanjo. Mdudu kutoka kinywani mwa mvuvi wa Nyangwe alifika ng'ambo kabla yangu, na hakuna aliyemuuliza viza.

Miaka ikaenda, na siku moja chanjo ya kwanza ya kujaribiwa ikatufikia kwenye sanduku la barafu. Iliamuliwa ijaribiwe Lusangi, upande wa Kabambare, ambako fizi zilikuwa zinawatesa watu kweli kweli. Kwa barabara ile hakuna gari. Nilikuwa nakwenda nyuma ya pikipiki ya Assumani, dereva wetu, sanduku likiwa mapajani. Assumani ana tabia ya kuimba akiona tope, na njia ile ni tope tupu, kwa hiyo nyimbo zake nazijua zote na sizipendi.

Lusangi ndiko nilikomkuta Feza. Alikuwa mkulima wa muhogo na karanga, mume wake anachimba kwenye mashimo ya madini, na meno yake mawili ya mbele, ya chini, yalikuwa yameanza kucheza. Aliniita Yaya, dada mkubwa, kama tunavyoitana huku. Mama yake alikuwa ameketi pale pale mlangoni, amebaki fizi tupu, na kila akicheka anaziba kinywa kwa kiganja.

"Yaya," Feza aliniambia, "kufa sikuogope. Naogopa kucheka vile, mukono juu ya mudomo, mupaka ninazeeka. Hiyo sindano yako itanishikia meno yangu?"

Nikamwambia sijui, ndiyo maana tunajaribu. Nilieleza kijiji kizima waziwazi: nusu yenu mtapata chanjo, nusu mtapata maji ya chumvi yasiyodhuru, na hakuna anayejua nani kapata nini, si mimi, si Dokta Odette. Majina yamo kwenye bahasha iliyofungwa kabatini Kasongo. Baba mmoja akainua mkono. "Kwa hiyo naweza kudungwa maji ya bure, halafu niseme aksanti?" Nikasema ndiyo. "Sawa," akasema, "tumezoea." Wakacheka, wakajipanga. Feza alikuwa wa kwanza.

Kabla ya sindano niliwapima wote. Siku ile walikuja wakidhani ni mkutano tu. Unapitisha kijiti cha chuma kwenye ukingo wa fizi, taratibu, unasubiri. Damu ikitoka unaandika ndiyo, isipotoka unaandika hapana. Niliandika ndiyo mpaka wino ukafifia.

Sasa sikilizeni vizuri, kosa langu ndipo linapoanzia. Huku kwetu huendi kwa watu bila kutuma habari. Ni adabu, na pia tuna sababu nyingine: kuna miaka ambayo waliokuja bila habari walikuja na bunduki, watu wakakimbilia porini na watoto mgongoni. Kwa hiyo wiki moja kabla ya kila ziara nilikuwa namtuma Assumani na barua mbili, moja ya imamu na moja ya pasta. Inasomwa Ijumaa, inasomwa Jumapili: Alhamisi Mama Mwavita anakuja kuangalia vinywa. Nilijiona mtu mwenye adabu kuliko watafiti wote wa dunia hii.

Ziara ya kwanza baada ya sindano, niliandika hapana, hapana, hapana. Ya pili vile vile. Ya tatu, Lusangi nzima haikuwa na tone la damu. Feza alinipokea na hindi la kuchoma mkononi, akalitafuna mbele yangu, akacheka kinywa wazi, mikono yote miwili chini. "Angalia, Yaya! Angalia!" Nililia machozi, sioni haya kusema. Jino lake moja bado lilikuwa linacheza, nikaliandika, nikaona si kitu, litatulia.

Kasongo tulipika wali na kuku. Dokta Odette alicheza dansi, jambo ambalo siwaombei mlione. Tukawaandikia wa ng'ambo, nao wakajibu kwa furaha kwamba jaribio kubwa zaidi linaandaliwa, la watu wengi, na watoto wamo. Mle chumbani tulikuwa na diploma za kutosha kupamba ukuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali ambalo mchuuzi yeyote wa karanga angeuliza: kama nusu wamedungwa maji, mbona wamepona wote?

Ziara ya nne ilipangwa Alhamisi. Jumanne mimi na Assumani tulikuwa tunaelekea Kabambare kwa shughuli nyingine, tukakuta daraja la miti limeondoka na mvua. Tukageuza, tukaingia Lusangi kuomba pa kupumzika. Weee! Nilichokiona kule sitakisahau. Kila nyuma ya nyumba kuna mtu ameinama anasugua meno. Mkaa uliosagwa, chumvi, vijiti vya mswaki. Feza alikuwa na bakuli la maji yenye shabu, lile jiwe jeupe wanalouza madukani Kasongo, ambalo wanaume wanapaka wakijikata kwa wembe ili damu ikome. Alikuwa anasukutua, anatema, anasukutua tena.

"Feza, mnafanya nini?"

Alishituka, kisha akanijibu kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Tunafanya nini? Mugeni anakuja Alhamisi kutuangalia mu kinywa. Wewe ukiambiwa mugeni anakuja, haufagie?"

"Mnafanya hivi kila nikija?"

"Kila ukikuja. Siku tatu mbele. Tukuaibishe juu ya nini, Yaya? Wewe unatoka mbali na tope yote ile."

Nikaketi juu ya kinu. Shabu inakaza fizi kwa juu, damu haitoki. Huko chini mdudu anaendelea na maisha yake. Miezi yote ile sikuwa nimepima chanjo yoyote. Nilikuwa nimewatumia watu barua, wakafagia, nikaja kuandika kwamba nyumba ni safi.

Sasa niseme jambo ambalo hamjalisikia. Nilirudi Kasongo nikanyamaza wiki nzima. Niliogopa. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Barua zilikuwa zangu, saini ilikuwa yangu, na nilikuwa karibu kustaafu kwa heshima. Nilijiambia huenda chanjo inafanya kazi hata hivyo. Halafu nikawa nawaza wale watoto wa jaribio kubwa, watakaodungwa kwa sababu mwanamke mmoja wa Kasongo ana adabu. Siku ya nane nikaingia kwa Dokta Odette, nikafunga mlango, nikasema yote.

Alivua miwani. Nilingoja anifokee. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na kicheko kilipoisha macho yalikuwa mekundu. "Mwavita," akasema, "tumepima heshima." Saa ile ile akawaandikia wa ng'ambo wasimamishe kila kitu. Kisha akaniambia nirudi Lusangi kupima upya, safari hii bila kutuma habari.

"Bila habari kule watu wanakimbia," nikamwambia. "Sitawafanyia hivyo."

Tukakubaliana nikaseme nao kwanza. Niliwakusanya, nikawaambia nitakuja siku moja ndani ya mwezi ule, mimi na Assumani tu, siku yenyewe sitaitaja, na naomba wasijisafishe kuliko walivyozoea. Nikawaeleza kwa nini, na nikakiri kwamba kosa ni langu. Mama mmoja akasema: "Kwa hiyo mugeni anatuomba tumukaribishe mu nyumba chafu. Mambo hayo!" Feza aliinuka, akaondoka kabla sijamaliza.

Nilirudi siku ya kumi na mbili. Watu walifungua vinywa bila raha, wanaangalia pembeni, na damu ikatoka kwa huyu, ikatoka kwa yule, nikaandika ndiyo, ndiyo. Feza nilimkuta uani anamenya muhogo. Midomo ameibana.

"Aka," akakataa kwa meno yaliyofungwa. "Mimi hapana. Ni wewe njo ulifanya nicheke mbele ya watu. Sasa unataka kuona uchafu wangu?"

Nilimwomba, nikamweleza tena, akaendelea kumenya. Basi nikageuka nyuma kuhakikisha Assumani yuko mbali, nikaingiza kidole kinywani, nikayatoa meno yangu ya juu. Yote. Ni ya kuvaa, ya pinki na meupe, nimeyavaa tangu nilipokuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwenye labo nzima ni Dokta Odette peke yake aliyekuwa anajua. Ugonjwa ule ule, jamani. Mama wa Meno, kama mnavyoniita, hana meno. Nikayaweka kiganjani mbele ya uso wake.

"Mimi pia nafagiaga," nikasema, na maneno yakatoka na hewa tupu.

Feza aliangalia kiganja, akaangalia mdomo wangu uliobonyea, na kisu kikamtoka mkononi. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maganda. "Yaya! Kumbe wewe njo mama yangu!" Nami nikacheka, mapengo nje, kwa mara ya kwanza mchana kweupe. Aliponyamaza alifungua kinywa mwenyewe. Damu ilijaa kabla kijiti hakijafika mwisho. Lile jino lilikuwa limeshikiliwa na ngozi tu, na la pili yake linafuata.

Bahasha ilifunguliwa Kasongo. Dokta Odette akasoma namba moja moja, nami nikalinganisha na karatasi yangu. Waliopata maji, damu. Waliopata chanjo, damu, hakuna tofauti. Kabla hajafika kwenye namba ya Feza nilianza kuomba Mungu, na niliomba awe kwenye upande wa maji. Angekuwa wa maji ningemwambia vumilia, ya kweli bado hujaipata. Dokta Odette akasoma: chanjo.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe, na barua nilituma, maana sasa haikuwa na madhara. Alikuwa amefagia uwanja, ametandika mkeka, kinywa hakukigusa. Nikamwambia bila kuzunguka.

"Ile ya kweli njo nilipata?"

"Ndiyo, mudogo wangu."

"Na ikashindwa."

"Ikashindwa. Na kama haungenifungulia kinywa siku ile, tungeidunga kwa watoto."

Alilia kidogo, hakujificha, nami nikalia naye. Kisha akajipangusa kwa ncha ya kitenge, akasema: "Basi ondoa hili jino. Limenichosha." Nikaligonga mara tatu, nikalishika kwa koleo, na sikulazimika hata kuvuta. Lilikuwa zima, halina doa. Ndilo jino la mwisho nililong'oa kazini. Nikamwekea pamba, nikamwambia aume kwa nguvu na asiongee.

Akaongea. "Yaya, wale wa ng'ambo wamechoka, ao wanatengeneza ingine?"

"Wanatengeneza ingine."

"Kalamu iko wapi?"

"Iko hapa. Uma pamba, Feza."

"Niandike wa kwanza," akasema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Niko na meno ingine bado."